Maji ya Vyura wa Mapokezi

Mambo yaliharibika Ijumaa ya Nane Nane, mwaka 2025, mchana, pale meneja aliponiambia nichote maji ya tangi nikawajazie vyura. Mtu mwingine atasema yaliharibika mwezi wa tatu, siku tuliyomzika mke wangu Roza kwetu Misungwi. Mwingine atasema ni tangu tangi lilipoletwa. Sawa. Lakini siku zile hakuna aliyeona kitu. Kuanzia Ijumaa ile tuliona wote, tena kupitia kioo kisafi, taa zikiwaka.

Hoteli iko kando ya ziwa, upande wa Ilemela, chini ya yale mawe makubwa. Jina lake silitaji. Mimi ni mtunza bustani pale, na bomba likipasuka au ukuta ukimeguka, ni mimi huyohuyo. Nyuma ya jengo, mahali ambapo mgeni hafiki, kuna vyumba vya sisi wafanyakazi, mstari mmoja, bati moja, na mwisho wa mstari kuna chumba cha kufulia. Roza alifua mashuka pale mpaka miguu ilipomvimba akashindwa kusimama. Alipofariki, kazi wakampa binti yetu Sabina. Wakasema ni kutusaidia. Sabina alikuwa na mimba changa wakati huo, na mume wake Zadok yuko machimboni Geita, anakuja akipata nafasi. Basi akashika beseni la mama yake.

Vyura lilikuwa wazo la mkurugenzi. Alisafiri nje akaona hoteli moja yenye sanduku la kioo mapokezini, ndani yake msitu mdogo, na vyura wadogo wa rangi kama pipi wanarukaruka. Akarudi na yeye anataka. Bomba la vyumba vya nyuma lilikuwa kavu tangu mwaka juzi, na hakuna aliyesafiri popote kwa ajili yake.

Akaletwa binti mmoja kutoka Arusha, jina lake Precious. Kazi yake ndiyo hiyo, kufuga vyura wa namna ile na kuwapangia nyumba. Nilijiandaa kumchukia. Akateremka kwenye gari na buti za matope, akasema, "Shikamoo baba. Naambiwa wewe ndiye utanipa mawe."

"Marahaba. Mawe Mwanza hayaombwi, mwanangu. Unachagua tu."

Tulifanya kazi pamoja karibu wiki nzima. Sanduku lilikuwa refu kuliko mimi na pana kama kitanda, mbele vioo viwili vya kusukuma, juu wavu laini ambao hata mbu hapiti. Chini tulimwaga kokoto nilizoziosha mpaka maji yake yakatoka meupe. Juu ya kokoto tukatandaza chandarua ili udongo usishuke. Juu ya chandarua tukaweka udongo wake maalumu, nyuzi za maganda ya nazi zilizochanganywa na mkaa wa kutwanga. Ukuta wa nyuma tukaupulizia lile povu la mafundi wa madirisha, likavimba, likakauka, na Precious akalichonga kwa kisu mpaka likafanana na jabali. Mimi nikaleta zile nyasi fupi laini kama zulia zinazoota kwenye mawe ya kivulini, na majani makavu ya mparachichi ya kutandaza juu. Majani hayo aliyachemsha kwanza jikoni, kwenye sufuria. Mpishi akanuna.

"Yaani majani yanachemshwa, supu ya wageni inasubiri."

"Usiponichemshia majani, dada, utanichemshia vyura," Precious akamwambia. "Hawa hawavumilii kitu kichafu."

Mwishoni akafunga pampu. Ilikuwa inavuta maji kutoka kwenye ndoo iliyofichwa chini ya sanduku, inayapandisha kwa mirija myembamba na kuyatoa juu kama ukungu. Ukungu ukishuka juu ya majani, taa ikiwaka, hata mimi nilisimama nikatazama. Halafu akawafungulia. Walikuwepo wa buluu, wa njano wenye mistari myeusi, na wengine wa kijani kilichokolea. Mkubwa wao hazidi kidole gumba.

Chenge, mlinzi wa getini, alikuwa hakosi sababu ya kupita hapo.

"Mzee mwenzangu, nasikia hao ukiwagusa unakufa umesimama."

"Mwenye nao huyo hapo, muulize."

"Eti binti, kweli?"

"Kwao msituni wana sumu kwenye ngozi," Precious akasema. "Wanaipata kwa wadudu wanaokula kule. Hawa wamezaliwa kwenye kioo, wamekula inzi wa ndizi mbovu tangu utoto. Hawana kitu."

"Kwa hiyo sumu siyo ya kwao."

"Siyo ya kwao. Wanapewa."

"Basi wewe Masele ingiza mkono wa kwanza," Chenge akasema, "mimi nipo nyuma yako, kule getini."

Tulicheka. Precious naye alicheka, lakini akanivuta pembeni, akanionyesha madumu aliyokuja nayo, ya maji yaliyochujwa. "Baba, hili ndilo la muhimu kuliko yote. Chura hanywi kwa mdomo. Anakaa kwenye unyevu, ngozi ndiyo inakunywa. Ukimwekea kitu kibaya hana pa kukitemea. Utawasha pampu asubuhi kidogo na jioni kidogo, kwa maji haya tu."

Nikamwambia nimesikia.

Siku moja tulikuwa tunakula mchana huku nyuma, karibu na mtaro unaotoa maji ya chumba cha kufulia. Kumemea magugu mabichi pale, na matope hayakauki hata kiangazi. Precious akasimamisha kijiko.

"Hapa jioni vyura wanalia sana?"

Nikafungua mdomo nimjibu ndiyo, maana mtaro ule ulikuwa na vyura wengi, wa kijivu, wabaya, wenye kelele za kuziba masikio. Roza alikuwa anatoka nje na mwiko kuwatukana kwa Kijaluo. Nikasikiliza kwanza. Nilikuwa sijawasikia siku nyingi. Walinyamaza lini, siwezi kusema, kwa sababu kelele ikikoma mtu anashukuru tu analala.

"Zamani walikuwepo," nikasema.

"Zamani ya lini?"

"Kabla ya tangi."

Nilisema hivyo bila kukusudia. Mama yangu mzazi, kule kijijini, alikuwa hateki maji kwenye kisima kisicho na chura. Anatupa kijiwe kwanza, akisikia mmoja amejirusha majini ndipo anashusha ndoo. Nikamsimulia Precious kama kichekesho cha wazee. Hakucheka. Aligeuka akatazama lile tangi lililosimama juu ya matofali nyuma ya chumba cha kufulia, akataka kuuliza kitu, na simu yake ikaita. Alikuwa anatakiwa Dar es Salaam kupokea vyura wengine. Akaondoka kesho yake, akasema atarudi Jumatatu.

Kuhusu tangi. Bomba letu lilipokauka, meneja wetu Alexander alienda Nyakato akanunua tangi la mtumba. Ni yale ya plastiki ya mraba, yamezungushiwa fremu ya chuma, wenye viwanda na migodi wanaletewa dawa zao humo, wakimaliza yanauzwa mitaani. Nani Mwanza hana pipa la namna hiyo au tangi la namna hiyo. Tuliliosha kama kila mtu anavyoosha. Unatia mchanga, sabuni ya unga na majivu, mtu mwembamba anaingia na ufagio, halafu unalianika mdomo wazi kwenye jua kali. Likinuka, unarudia. Lisiponuka, ni lako. Kwa kuwa ni letu, la nyuma, gari la maji lilikuwa linakuja kulijaza, na sisi tukafulia, tukapikia, tukanywa. Ubavuni lilikuwa limebaki na kipande cha karatasi iliyochanika, maneno yametoka yote, imebaki picha ya samaki amekufa na mti usio na jani. Chenge alisema maana yake ni kwamba usivulie samaki karibu. Meneja alipoiona akasema tangi linaharibu mandhari, akaleta rangi ya kijani, tukapaka.

Yeye na wageni wake walikunywa ya chupa.

Wikiendi ya Nane Nane hoteli ilijaa. Watu wanatoka kwenye maonyesho, wanakuja kulala na watoto wao, na watoto wote wanakimbilia kwenye kioo. Alexander akaona sifa zinamwagika, akaniamuru niache pampu inawaka kutwa ili msitu usikose ukungu. Nikamwambia Precious alisema asubuhi na jioni. Akasema Precious hayupo. Ijumaa mchana dumu la mwisho likaisha, pampu ikaanza kukoroma.

"Masele, mbona msitu umekauka?"

"Maji ya Precious yameisha, bosi. Labda nichukue ya chupa stoo."

"Ya chupa ni ya wageni. Chota ya tangi."

"Alikataza maji mengine."

"Aliyekataza yuko Dar. Mimi niko hapa, na wageni wako hapa. Tangi lile si ndilo mnalokunywa nyinyi? Kuna aliyekufa?"

Nikamtazama. Alikuwepo Misungwi kwenye msiba wa Roza. Alivaa shati jeupe, akasimama mbele ya jeneza akasoma rambirambi za kampuni. Nikaona amekumbuka mwenyewe, akainamia simu yake.

"Chota," akasema, sauti ikiwa chini.

Nikachota. Ndoo nilibeba mimi, na amri aliitoa yeye, na ukungu ulipotoka ulikuwa mweupe mzuri kama wa kwanza. Watoto wakapiga makofi.

Jumamosi asubuhi wale wa njano hawakuwa wanarukaruka. Walikuwa wamepanda ukutani, kwenye lile jabali la povu, juu kabisa, wamebanana chini ya wavu kama watu wanaokimbia mafuriko. Wa buluu mmoja alikuwa juu ya jani la mparachichi, amelala chali, tumbo linapanda na kushuka haraka. Nikamgeuza kwa kijiti. Akajilaza chali tena. Kisha miguu ya nyuma ikanyooka, yote miwili kwa pamoja, ikawa inatetemeka, na ilipoacha kutetemeka haikukunjika tena.

Sabina alikuwa amekuja kuchukua taulo za wageni wa chini. Nilikuwa sijamwona, amesimama nyuma yangu na beseni kiunoni.

"Baba."

"Enhe."

"Mbona ananyoosha miguu kama mama?"

Niliweka kijiti chini. Wiki zile za mwisho Roza alikuwa anakamatwa na mishipa. Miguu inanyooka yenyewe kitandani, inakuwa migumu kama mti, namkanda mpaka mikono inachoka. Hospitali walisema ni figo, zimechoka. Nikauliza zimechoshwa na nini, mwanamke hajafika hata miaka hamsini. Wakasema mambo hayo yanakuja tu. Nami nikakubali kwamba yanakuja tu.

Sabina aliweka beseni chini, akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo halifanyi. Nikamtazama miguu. Kandambili zilikuwa zimemkata, alama ya kamba imezama nyamani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mimba, baba. Wanawake wote wanavimba."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu mwezi uliopita."

Jumapili jioni kioo kizima kilikuwa na mmoja tu anayepumua. Alexander alishafunika sanduku kwa shuka, akawaambia wageni vyura wanapumzika. Mimi aliniita ofisini. Akasema nimewashika kwa mikono yenye tumbaku, nimewaua, na mkurugenzi ataambiwa hivyo.

"Sivuti tumbaku, bosi."

"Basi mbolea. Wewe si unashika mbolea?"

"Ni maji."

"Rudia hilo neno nje ya chumba hiki," akasema, "uone kama binti yako atakuwa na kazi Jumatatu."

Nimekaa na wakubwa maisha yangu yote. Wakati wa foleni ya kivuko pale Busisi, kabla ya daraja, nilishaona gari la mgonjwa likisimamishwa ili msafara wao utangulie. Mtu wa namna hiyo hakutishi kwa hasira. Anakwambia taratibu, kama anakusomea ratiba.

Jumatatu Precious akarudi. Hakuuliza nani. Alifunua shuka, akatazama, akafungua kile kijichumba cha chini ya sanduku na kunusa ndoo ya pampu.

"Haya siyo maji yangu."

"Siyo."

"Ya wapi, baba?"

Nikampeleka. Alilizunguka tangi, akatoa ufunguo wa chumba chake, akaanza kukwangua rangi ya kijani ubavuni. Ikatoka vipande vipande, akafika kwa samaki. Akaweka kidole juu ya ule mti mkavu.

"Hili mnalitumia kwa kazi gani?"

"Kufulia," nikasema. "Kupikia. Kunywa."

Sabina alitokea mlangoni mwa chumba cha kufulia akimsalimia mgeni. Tumbo lilikuwa limetangulia, na kikombe cha bati mkononi. Precious alimwendea, akakichukua kile kikombe kwa adabu, kama mtu anayepokea kitu, akamwaga maji chini.

"Mdogo wangu, haya usinywe tena. Hata tone."

"Kwani yana nini?"

"Sijui yana nini. Ndiyo maana usinywe."

Nikamuuliza yeye ambaye anajua, kama chura amekufa kwa siku mbili, mtu aliyekunywa miaka miwili anakuwaje. Akasema, "Mimi ni wa vyura, baba. Mtu simjui. Ila yapimwe leo, na yeye aende hospitali leo, asingoje kesho." Akajaza chupa mbili kutoka kwenye koki, akazifunga, akaenda nazo ofisini kuomba gari. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu.

"Chupa ziko wapi?"

"Wamesema watapeleka wenyewe, kwa mtaalamu wao."

"Na wewe umekubali."

Alitazama buti zake. "Wamesema vibali vya kuingiza vyura viko kwa jina langu. Wakitaka kunitupia mimi, wanaweza." Akanipa katoni mbili za maji aliyonunua mwenyewe, akasema pole kwa mama. Nilikuwa sijamwambia habari za Roza. Nadhani Chenge ndiye aliyemwambia. Jioni ile akaondoka. Simu yake sasa inaita mpaka inakatika.

Nilimpeleka Sabina hospitali. Daktari, mama mmoja mtu mzima, alimpima damu, akampima mkojo, akamlaza. Kisha akaniita kwenye korido.

"Mzee, figo za binti yako zinafanya kazi kwa taabu. Tukikaa hivi, tutampoteza yeye au mtoto, au wote. Anasema alikuwa anakunywa maji ya tangi la dawa. Dawa gani?"

"Sijui."

"Tafuta kujua. Kila sumu na tiba yake. Nikimtibu kwa kukisia, tiba yenyewe inaweza kummaliza. Vipimo vya kutafuta kila kitu hatuna hapa. Lakini nikijua jina la kilichokuwemo, najua pa kuanzia. Niletee jina. Kama huwezi jina, niletee maji."

Nilirudi mbio. Maji hayakuwepo. Tangi halikuwepo. Yalibaki matofali tu, na kipande cha ardhi yenye umbo la mraba ambako hata gugu halikuota. Koki wameng'oa, mpira wameng'oa, hata udongo uliokuwa na unyevu mtu ameupitishia jembe. Ndani ya vyumba ndoo zote zilikuwa zimemwagwa na kuoshwa. Wenzangu walikuwa wameambiwa ni kampeni ya usafi.

Nikaenda getini.

"Chenge. Tangi limeenda wapi?"

"Mimi sikuona."

"Wewe ndiye unafungua geti."

Akasugua kofia yake. Chenge ana watoto wanne, na yeye pia amekunywa. "Limepakiwa kwenye kenta alfajiri," akasema. "Wamesema linarudi lilikotoka. Masele, usije ukasema ni mimi."

Lilikotoka ni Nyakato, kwa mfanyabiashara wa mapipa aitwaye Kashindye. Uwanja wake umejaa matangi yamepangwa ghorofa, meupe, ya buluu, mapipa meusi, na akina mama wanapita katikati wanagongagonga kwa vidole kuchagua, kama wanachagua matikiti. Kashindye alikuwa anakula miwa.

"Shikamoo mzee. Unataka la lita ngapi?"

"Nataka habari za tangi moja. Liliuzwa kwa hoteli mwaka juzi. Limerudi hapa wiki hii."

"La kijani? Lilirudi."

"Lilitoka wapi kwanza, kabla ya hoteli?"

"Mzee wangu, haya yanakuja kwa malori. Mengine ya migodini, mengine viwandani, mengine Dar. Yanapakuliwa usiku na mchana. Mimi nanunua tangi, sinunui maisha yake."

"Unawauzia watu wanywee maji."

"Nimemwambia nani anywe? Nauza tangi. Mtu akilinunua alifanye kaburi, mimi nimo?" Akatema maganda. Halafu akaniona usoni, akapunguza sauti. "Kuna mgonjwa?"

"Binti yangu. Ana mimba."

"Pole sana, baba. Kama ningejua ningesema, naapa. Lakini siyo mimi tu, hata anayeniletea hajui."

"Basi nionyeshe lenyewe. Nikwangue chini, lazima kuna kilichobaki."

"Limeshauzwa. Siku ileile lilipofika. Mtu wa ng'ambo ya ziwa, amevuka nalo darajani. Anajenga, anataka la maji."

Niligeuka kuondoka. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa amefungua kifuniko cha pipa, ameingiza kichwa ndani, ananusa. Akatoa kichwa akamwambia mwenzake, hili halinuki.

Mapokezini walileta vyura wapya kabla Sabina hajatoka wodini. Alikuja kuwaweka kijana mwingine, hana maneno na mtu. Kokoto zikatolewa zikaoshwa, udongo ukabadilishwa, mirija ikabadilishwa, majani yakachemshwa upya. Na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kwenda stoo kuchukua katoni ya maji ya chupa, kufungua chupa moja moja na kuimimina kwenye ndoo ya pampu. Ni agizo kutoka juu. Huku nyuma gari la maji linaleta kwenye simtangi jipya, jeusi, la dukani. Wanasema tumeboreshewa. Hakuna aliyesema kwa nini.

Mkurugenzi mwenyewe alikuja kuwaona vyura mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na wageni wake wa suti. Akainama kwenye kioo, akafurahi. Mmoja wa njano alikuwa analia, sauti nyembamba kama mlio wa saa ya mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale chini, na chupa yangu.

"Hongera mzee," akaniambia. "Kazi nzuri. Wale wa kwanza nasikia walichoka na safari."

Alexander alikuwa nyuma yake. Akanikazia macho. Nikasimama, magoti yakalia.

"Shikamoo mkurugenzi. Hawakuchoka na safari. Walikufa kwa maji ya tangi la kufulia. Tangi lilelile mke wangu alikunywa, nimemzika. Binti yangu yuko wodini, daktari anataka jina la dawa iliyokuwemo ili amtibu. Siombi kitu kingine. Sitaki fidia, sitaki gazeti. Lile jina tu. Zile chupa mbili mlizochukua, zilisema nini?"

Watu wa suti walitazama viatu. Mkurugenzi akageuza shingo polepole akamtazama Alexander, na nikaona kwamba alikuwa anajua kidogo tu, kile kiasi anachopenda kujua.

"Chupa gani?" akauliza.

"Tunalifuatilia, mkurugenzi," Alexander akasema. "Nitakuletea taarifa."

"Mletee na mzee."

"Ndiyo."

Wakaenda kula. Kioo kikabaki na ukungu wake.

Taarifa sijaletewa. Nimeenda ofisini mara nyingi, naambiwa ametoka. Nimeenda kwa mtendaji wa mtaa, kanipeleka kwa bwana afya, bwana afya kataka kuona tangi. Nimempigia Zadok aulize kule machimboni, akasema kule dawa ni nyingi, zina majina mengi, na matangi yake yanafanana yote. Amekuja yeye mwenyewe, sasa tunapokezana kukaa na Sabina. Amevimba mpaka usoni. Mtoto bado anacheza tumboni, lakini tangu juzi anacheza kidogo. Kila nikiweka mkono nangoja, na kila siku nangoja zaidi.

Asubuhi hii daktari alipita. Alimshika Sabina miguu, akabonyeza, shimo likabaki. Sabina akamuuliza kama mtoto atapona.  Alinigeukia mimi na Zadok, akauliza lile analouliza kila asubuhi, na sisi wawili tukatazamana kana kwamba mmoja wetu analo.

Lile tangi lilikuwa limebeba nini?